Pete Iliyogeuka Nyeupe

Baba Malak,

Usiingie chumbani, na wala usifagie. Madirisha nimeyaacha wazi makusudi. Malak yuko kwa Bi Semeni, jirani. Samaki wa kupaka yuko jikoni.

~~Nakwenda kwetu Muheza. Usinifuate.~~

Asubuhi Malak kaangusha kipimajoto, kikavunjika. Zebaki ikatawanyika sakafuni, vitone vinang'aa kama fedha, nami nikaviokota kwa mkono. Saud, pete yangu ya ndoa, ile ya dhahabu, ikageuka nyeupe huku naitazama! Nikaisugua, wapi! Nikapiga ukelele: "Kumbe kanioa kwa bati!" Nikaanza kufunga nguo.

Nilipokwisha kuandika mstari huo niliokata, Rasha kapiga simu, nikamsimulia. Si unajua mdogo wangu anasomesha kemia. Kacheka weee, kisha kanikemea: "Dada, zebaki huing'ang'ania dhahabu ikaifanya nyeupe. Shemeji hana kosa. Ila usiiguse tena, mvuke wake sumu, na pete usiitie motoni."

Pete nimeifunga ndani ya chupa, naipeleka kwa sonara aisafishe; na yale maonyo ya juu nimeyaongeza baada ya simu yake. Narudi alasiri, inshallah.

Sikujua kama naweza kukudhania ubaya upesi namna ile.

Mama Malak