Saini Yangu kwenye Karatasi ya Posta

Nyumba Na. 18, nyuma ya karakana ya reli,
Gorna Oriahovitsa,
14 Oktoba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Rumiana,

Pokea salamu za dada yako Stoianka. U hali gani huko Hispania? Goti limepoa? Asen bado anakohoa? Mimi mzima wa mwili tu. Pilipili nimechoma gunia zima nikasaga, chupa zimejaa stoo, wa kula simwoni.

Mwanangu Plamen ameondoka, Rumiana. Anakuja kwako, nami nataka usikie kwangu kwanza.

Unajua shemeji yako Velizar alivyokwisha. Miaka ishirini na tisa ya udereva wa treni, kisha yule mtu akasimama relini karibu na daraja. Breki alifunga, lakini treni si mkokoteni. Tangu siku ile akawa ananawa mikono hata kama hajashika kitu, mpaka tukamzika. Na mwanangu naye hakutaka kazi nyingine ila hiyo hiyo.

Miaka miwili iliyopita ilikuja barua ya rejesta kumwita kwenye usaili wa madereva wapya. Yeye yuko kazini karakanani. Nikaipokea mimi, nikatia saini ya posta, nikaitia jikoni motoni. Nikajisemea, mwache abaki na spana zake, spana haziui mtu. Sikumwambia.

Mwezi uliopita wakamwita tena. Mwisho wao wa umri ni miaka thelathini na mitano, naye ana thelathini na sita, ila alisikia kwamba uzoefu wake wa karakana, miaka kumi na minne, huenda ukahesabiwa. Nikammwagia maji kizingitini, kama mama yetu alivyokuwa akitumwagia, ili mambo yake yatiririke. Akacheka, "Mama, punguza, nisifike kwa wakubwa nimelowa kama bata." Na mimi moyoni naomba wamkatae.

Wakampenda, Rumiana. Kila swali alijibu. Kisha mzee mmoja akafungua faili akamwuliza, "Kijana, ulikuwa wapi tulipokuita una thelathini na minne? Leo hatuwezi tena." Akasema hakuitwa. Wakamwonyesha karatasi ya posta. Chini yake jina langu, kwa herufi zangu za darasa la nne zinazopanda mlima.

Aliporudi hakufoka. Alikaa, akasema, "Na maji ukanimwagia, Mama." Basi.

Juzi akafunga begi. Nikamwambia nilikuwa namwogopea. Akanijibu, "Baba alimgonga mtu asiyemjua. Wewe ulinijua."

Usinitetee kwake. Akiuliza kama najuta, mwambie najuta. Ila wewe nikwambie kweli: nikisikia honi kule darajani, bado nashukuru si yeye aliyekaa mbele. Sijui Mungu anamweka wapi mama wa namna hii.

Nisalimie Asen, na Kalina umbusu. Mungu awafunike nyote.

Plamen anapenda supu ya maharage iliyotiwa mnanaa mwingi, chumvi kidogo. Mpikie. Usimwambie nimekuelekeza mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika aibu hii,
Stoianka