Mafuta ya Shefu

Jumamosi, kambini Dzaleka. Baridi ya mwezi wa sita imetushika kwelikweli, upepo unapiga mabati tangu alfajiri, lakini jua limetoka mapema na mimi leo nina furaha mpaka naona haya. Nimemshukuru Mungu kabla hata sijanawa uso.

Shefu ni mzima. Lakini siyo kwa ajili ya Shefu peke yake ninashukuru.

Shefu ni kobe. Jirani yetu, mama mmoja wa Kindu, alipopata safari ya kuhamia Kanada na wanawe, alituachia huku analia, maana kobe hakuandikwa kwenye safari. Jina alikuja nalo. Anatembea kichwa juu, hana haraka na mtu, anakagua kila kona ya nyumba kama shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, anayetafuta kosa. Mama yangu siku ya kwanza alimkataa kabisa. Wiki haijaisha, nikamkuta anamlisha nsima, ugali wa huku, kwa mkono.

Mama hatoki nje. Ni lazima niliandike hili, hata kama ni gumu. Kwetu Fizi, asubuhi moja ya vita, baba alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, anaota jua. Wenye silaha walipoingia kijijini, yeye ndiye aliyeonekana kwanza. Mama alikuwa jikoni, akasikia yote. Tangu tufike Malawi anapika ndani, anachambua maharagwe ndani, na akienda kanisani anajifunika kitenge hadi kichwani na kutembea mbiombio. Kukaa mbele ya mlango, hapana. Majirani wengine wanasema ana maringo.

Wangejua.

Basi Shefu naye akawa wa ndani. Mchana mimi niko sokoni na cherehani yangu, wao wawili wako nyumbani, mlango umerudishwa. Ngozi ya Shefu ilipoanza kukauka na kubanduka shingoni, Mama alimfanyia kile alichotufanyia sisi wote tangu tuzaliwe: alimpaka mafuta. Shingo, miguu, gamba lote, kila baada ya kumwogesha. Kwetu mtoto akitoka na ngozi kavu, anayesemwa ni mama yake. Halafu akamwashia taa ya sola karibu na kichwa, eti apate jua lake. Shefu aling'aa kama sufuria mpya, na mimi nilisifu.

Macho yakamvimba. Akakataa chakula. Nilipomshika gambani nikahisi linabonyea. Mama alikuwa ameshaanza kumwombea.

Alhamisi nikamtia kwenye beseni, nikamfunika kitenge, tukapanda kabaza mpaka barabara kubwa. Mwenye baiskeli akaniuliza kama hiyo ni ndiwo, yaani mboga ya kulia nsima. Nikamwambia heshima tafadhali, huyu ni mkubwa wa nyumba. Alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Lilongwe tulipokewa na daktari wa mifugo, mama Mmalawi mpole sana. Alimgeuza Shefu, akamnusa, akaniuliza kwa Kichewa kama tulikuwa tunamkaanga. Nikaona aibu, kisha tukacheka wote. Akamsafisha taratibu kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, huku ananieleza. Mafuta yanashika vumbi na uchafu, na chini yake ngozi inaoza. Nsima siyo chakula chake, apewe majani. Na taa yetu inaangaza tu, haina kile cha jua kinachokomaza gamba. Ipo taa maalumu, lakini inataka umeme kutwa nzima, na wa kwetu siku nzuri unatosha kuchaji simu. Hata jua la kupitia nailoni ya dirishani halimfikii inavyotakiwa. Atoke nje kwenye jua lenyewe kila asubuhi, awe na kivuli karibu cha kukimbilia, na pawe na mtu wa kumlinda na mbwa. La sivyo, baridi hii hataimaliza.

Mtu wa kumlinda. Nilimshukuru, zikomo, nikatoka, na njia nzima nilijua kwamba mchana nyumbani kwetu mtu huyo ni mmoja tu.

Nilimwambia Mama habari ya mafuta kwanza. Iliuma.

“Kumbe mi njo nilikuwa namuua?”

Nikamwambia hapana, Mama, ulikuwa unampenda, hukujua tu. Kisha nikamwambia habari ya jua. Akasema, “Basi umupatie bantu bengine, bale banakaaka inje.” Alisema hivyo amegeukia ukuta.

Nilikasirika, nakiri. Kisha nikajionea haya, kwa sababu wiki hii simu zote kutoka Uvira ni habari za watu kukimbia tena, na mimi nilikuwa namwomba mama huyo akae mbele ya nyumba. Nikaongea na mshonaji mwenzangu wa sokoni. Akakubali kuja kumchukua Shefu leo.

Leo asubuhi nilikwenda bombani. Kurudi, nikaona kigoda chetu kiko nje.

Mama alikuwa amekikalia. Mgongo ameubana ukutani, kitenge kichwani, macho barabarani, mguu mmoja ubavuni mwa Shefu. Mikono ameifumbata magotini. Na Shefu, jamani! Shingo ameinyoosha yote, miguu kaitandaza, macho kayafumba, anakula jua bila wasiwasi. Mimi nilisimama na ndoo yangu kichwani, sikuthubutu hata kuitua.

“Usiniangalie vile,” akasema. “Huyu iko na baridi. Niko namungojea tu.”

Akapita jirani, akasalimia. Mama alishtuka, akanyanyuka nusu, nikadhani ndiyo basi, anaingia ndani. Akamtazama Shefu pale chini. Akakaa tena. Akaitikia salamu, sauti ndogo, lakini aliitikia. Akabaki pale mpaka Shefu mwenyewe alipochoka na joto akajikokota kwenda kivulini. Mimi nilikuwa nimeshampigia mwenzangu simu kwamba asije.

Nilidhani sasa ataingia. Akanyoosha mkono, akautazama kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa kavu, imepauka, ina mistari myeupe. Ndani kwetu kuna giza, sikuwahi kuona.

“Ile mafuta yake ingaliko?”

“Iko, Mama.”

“Basi nipake miye. Mi siyo kobe.”

Tulicheka sana. Sijamsikia akicheka vile tangu Fizi. Nikapiga magoti pale pale nje, mbele ya mlango, mbele ya watu wote wa kartie, nikampaka kuanzia vidoleni mpaka mabegani, na mikono yake ilikuwa imepata joto la jua.

Kesho tukitoka kanisani, jua likiwepo, nitatoa kiti cha pili.