Kipimo cha Kilima cha Jilore

Jumanne, tarehe 4
Mnyororo wa baiskeli nimeutia mafuta. Mke wangu Sidi nimempaka dawa ya mguu. Kama kila siku.
Nimeota tena kile kilima cha Jilore. Tumetoka kuoana, nampeleka kwa mamake, yuko kwenye keria, nami nakipanda bila kushuka. Baiskeli haina uzito kabisa.
Sasa mamake anaugua, anamwita. Pikipiki Sidi hapandi, ndiyo iliyomvunja mguu. Kasema ni baiskeli yangu au haendi. Nina miaka sitini na miwili. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekwenda peke yangu na mpira wa maji, ule ninaosawazishia misingi ya nyumba, kwa kuwa maji husimama usawa mmoja ncha zote mbili. Ncha moja kwenye kigingi chini, nyingine juu, mita kumi kumi. Kila kipimo, mwinuko wa sentimita arobaini. Ah, si kitu!
Nikakaa kileleni nikitazama mahindi mpaka yakawa kama yanaelea.
Nimemwahidi Sidi Jumapili. Nikajigamba kwamba hatashuka hata mara moja.

Ijumaa, tarehe 7
Ameshona mto wa keria. Anaimba.

Jumamosi, tarehe 8
Kazini Kisumu Ndogo. Nimeziweka ncha mbili za mpira pamoja, maji hayakulingana. Hewa. Shibiri nzima ya hewa imo ndani. Fundi wa miaka thelathini, na sikukagua!
Basi kule Jilore kila mita kumi nilipunjwa shibiri. Kilima kile ni kikali kuliko nilivyopima, sikiwezi. Mbio za sakafuni zimefika ukingoni.
Sijamwambia. Najichukia.

Jumapili, tarehe 9
Kwenye tambarare tuliteleza vizuri, jua bado changa. Katikati ya kilima pumzi zikanikatika. Nikashuka, nikashika usukani, nikasukuma naye akiwa juu. Machozi yakanitoka. Nikamwambia yote: hewa, kipimo, na kwamba enzi za ujana wetu nilikipanda bila kushuka.
Akacheka taratibu.
"Baba Kahindi, hata siku ile ulisukuma. Mimi nilishuka, nikasukuma kwa nyuma."
Mimi sikumbuki. Yeye anakumbuka.
Mamake alikuwa mlangoni. Aliushika ule mguu wa Sidi kwa mikono miwili.

Jumatatu, tarehe 10
Hewa nimeitoa mpirani. Sidi amebaki kwa mamake, nitamfuata Jumapili. Keria tupu siipendi.
Mchana nimepitiwa na usingizi. Kilima kikaja tena. Safari hii nilikuwa nasukuma, na nyuma yangu nikasikia mtu anahema, anasukuma pia.