Maneno Mawili ya Kupotea

Tabora, Jumatatu

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako kwanza. Ndiyo maana nimeituma kwa jina lako wala si la Mama. Natumai miguu imepungua maumivu na hapo Ujiji mmepata mvua. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, kazini nafika.

Kazi yangu hapa bomani unaijua, kumfasiria Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya. Tangu askari wetu wapelekwe Bama kupigana na Wajapani, jamaa zao huitwa barazani kupewa habari. Yeye husema Kiingereza, mimi nageuza. Maneno yenyewe ni machache, ila mawili yalinisumbua tangu mwanzo: "missing" na "lost". Yote mawili ningeweza kusema "amepotea" na mtu asinilaumu. Siku moja nikamwuliza kabla hatujatoka nje.

"Missing ni mtu ambaye hatujui yuko wapi," akasema. "Huenda akapatikana. Lost, huyo amekwisha. Tunasema hivyo kwa kuwa neno la kifo ni gumu kumwambia mzazi."

Basi nikawa natenganisha. Wa kwanza nasema hajulikani alipo. Wa pili nasema amefariki, ingawa Bwana Shauri hakutamka hivyo.

Mwezi uliopita walikuja mume na mke, wakulima wa Goweko. Walishuka kwenye treni na kikapu cha karanga za kumpelekea mtoto wao, wakidhani boma litazifikisha. Bwana Shauri akasema "lost". Nikawaambia mtoto wenu amefariki. Yule mama akanitazama mdomoni.

"Mzungu amesema neno dogo tu. Wewe umeyatoa wapi hayo?"

"Ndiyo maana yake, mama."

Wakasemezana Kinyamwezi, wakaondoka. Kikapu hawakukichukua. Zile karanga nilizila siku nyingi, sikuzisikia utamu wala uchungu.

Ijumaa iliyopita Bwana Shauri aliniita ndani, akafunga mlango, akaniambia nikae. Katika chumba kile sijawahi kukaa. Akataja jina la mdogo wangu Juma, kisha akasema "lost".

Nikamwuliza, "Lost, bwana, au missing?"

Akatazama dirishani. "Lost, Rajabu. Pole sana."

Nikasema asante. Akaniruhusu niende zangu, lakini nikaona chumbani kwangu nitafanya nini. Barazani watu walikuwa wanangoja. Nikatoka, nikawafasiria mpaka ofisi ikafungwa.

Kwa hiyo, Baba Mdogo, Juma amefariki. Kaburi sidhani kama tutaonyeshwa. Nakuomba Mama umwambie wewe, shangazi akiwa karibu yake, na hata ukimwonea huruma usitumie neno kupotea, maana atakaa mlangoni kumngojea. Shemeji Zaituni naye aambiwe waziwazi, aingie eda. Ni kijana bado, asifungwe na mtu asiyerudi. Matanga msiyacheleweshe kwa ajili yangu. Ruhusa nimeomba, sijajibiwa.

Msalimie shangazi, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliyetusomesha mimi na Juma, umwombe amsomee dua. Jirani yetu seremala, mwenzake Juma wa bao, naye umwambie, asije akaisikia habari njiani.

Utaniuliza kama nimelia. Sijalia. Watu wa hapa wananiona nacheka inapobidi kucheka, na mwenye nyumba wangu jana alinisifu kuwa nimenenepa. Tangu Ijumaa habari hii nimekaa nayo kwa Kiingereza tu, kama zile za watu wengine ninazopewa kila siku. Kwa lugha yetu wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Nilipofika pale nilipoandika jina lake, ilinibidi niweke kalamu chini, nikasimama uani mpaka wino ukakauka.

Ni mimi mwanao, uliyebaki naye mmoja,

Rajabu