Joto la Ukuta wa Wodi Mpya

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo tumeijaribu wodi mpya ya wazazi. Kamati nzima ya mapokezi ya jengo – Mzee Modesti mwenyekiti, mimi katibu, na wajumbe watatu waliokuja wamejifunga mablanketi. Baridi ya huku Ufipa haizoeleki. Huu mwaka wa nne tangu nihamishwe kutoka Mtowisa, kwenye joto la maana, na bado kila asubuhi naamka meno yanagongana.

Fundi Sadick wa umeme kaja na pikipiki kutoka mjini. Kijana mstaarabu, shikamoo yake haikauki mdomoni. Akawasha taa. Tukapiga makofi. Akazima. Akawasha pampu ya maji. Makofi. Akazima. Hita ya maji ya kuogea – makofi. Mtambo wa kuchemshia vifaa vya upasuaji – makofi. Mwisho hita ya chumba cha watoto njiti, na hapo nilipiga mimi kuliko wote! Miaka minne nawapasha joto watoto wa miezi saba kwa jiko la mkaa lililowekwa mlangoni.

Nikauliza, na vyote vikiwaka pamoja? Sadick akacheka. Eti mama, nani atawasha vyote kwa mara moja? Mimi, nikamwambia. Siku yenye mzazi wa kupasuliwa na kichanga njiti, vyote vinawaka. Mzee Modesti akasema jua limekwenda, tusimchoshe fundi. Basi, kesho.

Jumatano, 9 Julai

Vyote pamoja. Sekunde kumi – tap! Vikazimika.

Sadick anasema breka, ile inayokata umeme ukizidi, ni ndogo, dawa yake ipo mjini, atarudi Jumatatu. Daktari Timoth, mganga mfawidhi wetu, kanuna mpaka jioni. Uzinduzi ni tarehe 24, wageni wameshaalikwa. Anasema nimemuaibisha fundi mbele ya wanakijiji. Mimi nimebonyeza swichi tu!

Jumatatu, 14 Julai

Sadick kaleta breka kubwa. Vyote vikawaka, nusu saa nzima, hakuna kilichokata. Wajumbe wakaanza wimbo. Fomu ya mapokezi ilikuwa mezani na kalamu nilishaishika.

Mzee Modesti alikuwa ameegemea ukuta wa chumba cha njiti, macho kayafumba. Akasema, jengo zuri hili wanangu, hata kuta zake zina joto. Wenzake wakamfuata, wakajipanga migongo ukutani, wanaota joto. Walivyofurahi! Nikaenda na mimi, nikaweka kiganja.

Ulikuwa wa moto. Si wote – mstari mmoja, kutoka kwenye meini swichi kupanda hadi darini. Na harufu ya plastiki iliyosogezwa karibu na jiko.

Nikamvuta Sadick pembeni. Aliangalia viatu vyake. Kakiri: waya uliomo ukutani ni mwembamba kuliko ulioandikwa kwenye mchoro, ndio uliopatikana. Breka ndogo ilikuwa inaulinda. Hii kubwa inauacha uungue taratibu. Kuubadilisha ni kubomoa plasta yote, wiki tatu. Akanibembeleza nisimseme, kazi nyingine hataipata.

Nimemsema mbele ya kamati. Sijasaini. Mzee Modesti kanitazama kwa masikitiko, akaniuliza kwa sauti ndogo: mwanangu, joto nalo ni kosa?

Jumatano, 16 Julai

Salamu zimekatika. Bombani leo mama mmoja kaniambia, Sista, matofali ya ile wodi nimeyasomba kichwani nikiwa na mimba ya huyu – na huyu mwenyewe anakimbia. Eti na mimba ya pili nitajifungulia kwenye jumba bovu kwa sababu yako?

Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Na ukweli ni kwamba naogopa nimekosea. Mimi mkunga, ya waya nayajulia wapi? Daktari Timoth kasema hivyohivyo mbele ya wahudumu, na wengine wakacheka. Ufunguo wa wodi bado uko kwangu. Naona aibu hata kuushika.

Ijumaa, 18 Julai

Cornelia wa mtaa wa juu kajifungua alfajiri, mimba ya wiki thelathini. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia tatu. Mama kapoteza damu nyingi, hawezi kumbeba kifuani. Mama mkwe ndiye kamweka ngozi kwa ngozi, lakini mwenyewe mzee, mwembamba, anatetemeka kuliko mtoto. Gari la wagonjwa limeharibikia Milepa. Tusubiri, wanasema. Tusubiri nini?

Jumamosi, 19 Julai

Saa moja asubuhi, mtoto nyuzi thelathini na nne na nusu. Nje umande umeganda kwenye nyasi. Mkaa siwezi kuongeza, moshi ule kwa mapafu yale!

Nimefungua wodi mpya, nimewahamishia humo Cornelia na mtoto. Nimewasha hita ya chumba cha njiti, hiyo moja tu. Swichi nyingine zote nimezibandika plasta za vidonda zisiguswe. Saa sita mchana, nyuzi thelathini na sita na pointi mbili. Nimelia kama mtoto. Nimegusa ukuta – baridi. Ahsante Mungu.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka misani nikakuta wazazi watatu wamehamia. Daktari Timoth kawaruhusu. Wamejaa furaha, wanatandika vitanda, utawafukuza vipi? Na plasta ya hita ya maji imebanduliwa. Wanaoga maji ya moto na vicheko. Ukuta vuguvugu. Nikazima. Wakawasha. Nikazima. Mmoja akaniambia kwa upole, Sista, unaumwa?

Jumatatu, 21 Julai

Daktari Timoth kaja na fomu. Mhandisi wa wilaya kampigia: jengo likishalaza mgonjwa, limeshapokelewa. Tarehe ya mapokezi imejazwa, Jumamosi tarehe 19. Sahihi yangu haitakiwi tena, imeandikwa tu kwamba aliyelifungua ni katibu wa kamati. Kanipa mkono. Hongera Sista, umelipokea kwa mikono yako.

Sadick hatarudi kubadilisha waya. Na saa nane leo upasuaji wa kwanza.

Nikamwambia basi narudisha mgonjwa wangu wodi ya zamani, jengo libaki halina mtu wangu ndani. Kainua mabega. Nikaenda, nikamfunga mtoto kitenge na mablanketi mawili. Leo kafika nyuzi thelathini na sita na pointi saba, kalamba maziwa ya kwanza ya kijiko. Cornelia, ambaye ndiyo kwanza ameweza kukaa, akauliza: Sista, tumekosa nini?

Nimefika naye mlangoni. Upepo ukatupiga, akafanya mdomo wake mdogo kama anatafuta titi. Nimesimama pale muda mrefu. Wale wazazi watatu walikuwa wananiangalia. Kuwaambia habari ya waya nimewaambia tangu jana. Mmoja tu ndiye kasogeza godoro lake karibu na dirisha.

Nimemrudisha ndani, kwenye hita. Namchukia Timoth. Najichukia zaidi. Kitanda chao nimekivuta mbali na ukuta, hatua mbili, chumba hakina nafasi zaidi. Ndoo mbili za mchanga wa kuzimia moto nimeweka mlangoni, watu wanazipita wakidhani ni za mafundi.

Saa saba na nusu. Pampu inanguruma. Sasa wamewasha na mtambo wa vifaa, nausikia. Hita yetu sizimi, siwezi. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko ukutani. Ukuta bado wa baridi.