Nilikwenda Siku ya Sabato

Mong'ina,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungenicheka. Miaka miwili tuliyofanya kazi pamoja katika ile nyumba ya kulelea watoto juu ya soko la Nyaramba, mimi na wewe hatukuwahi kuzungumza Kiswahili ila wageni walipokuja. Lakini nikijaribu kukuandikia kwa Ekegusii nasikia sauti yako na mkono unagoma. Kiswahili nilifunzwa darasani, na ndicho ninachofundisha, kwa hiyo humu naweza kujikaza kidogo. Kidogo tu.

Siku ya mazishi yako walinipa kipaza sauti. Mkurugenzi wa nyumba alisema, sasa tumsikie Mwalimu Kerubo, aliyejitolea pamoja na marehemu. Nikasimama mbele ya umati wote ule nikasema ulikuwa mama mwema na ulipenda watoto, nikaketi. Basi. Hata mpita njia angesema hayo. Sikusema kwamba kwa miaka tisa ulitoka kwako kila asubuhi ukaja kuwapikia watoto wa watu bila malipo. Sikusema kwamba wazungu walikuja wiki tatu wakapewa fulana zilizoandikwa kwamba wanajitolea, na wewe hukupewa hata moja, mpaka ulipookota iliyosahauliwa kwenye kamba ukawa unalimia. Wala jinsi ulivyowasemesha wale wageni kwa Kiswahili chako cha sokoni, kwa sauti ya juu kana kwamba ni viziwi: "Wewe! Kuja kula! Mtoto akishalala ndio utapiga picha!" Nilitaka kusema hayo watu wacheke. Nikarudisha kipaza sauti.

Sasa ni miezi mitano, na sikuandikii kukusifu. Nimeharibu, Mong'ina. Nimeharibu mambo ya Moraa.

Moraa wako. Yule uliyempokea hajafika miaka mitatu, mama yake amezikwa, baba hajulikani aliko, akakushika leso na hakuiachilia mpaka akawa msichana wa miaka kumi na moja. Watoto wengine walicheza nje, yeye alikaa nawe jikoni akipembua maharagwe na kukukosoa. Ndiyo, kukukosoa! "Mong'ina, chumvi umeshatia." Nawe unamwambia, "Nani mpishi hapa?" kisha unaonja na kukuta kweli umeshatia. Mara nyingine nilipokuwa nafundisha wadogo kusoma nilisikia kicheko chenu kupitia ukutani, nikaona wivu. Leo naweza kukwambia hivyo.

Ulipokufa hakulia mbele yetu. Alienda jikoni akawasha moto, akapika uji wa watoto wote, akaosha sufuria. Wiki nzima alifanya hivyo mpaka akapatikana mpishi mwingine. Nilimwona mtoto mwenye nguvu, nikamsifu. Sikujua kitu mimi.

Kisha amri ile ya serikali tuliyoisikia ukiwa hai ikatufikia kwa kishindo: watoto warudi kwa jamaa zao na nyumba kama yetu zifungwe. Wewe mwenyewe hukuipinga. Ulisema mtoto wa Mgusii anataka ukoo, anataka mahali ambapo siku moja atasema hapa ndipo kwetu. Ulichopinga ni haraka. Na wale wa kwanza walipotafutiwa jamaa, ungali hai, ni wewe uliyekwenda kuangalia, kwa miguu yako, na kila mara ulikataa kwenda Jumamosi. Ulinitania mimi Msabato, wewe Mkatoliki wa rozari shingoni: "Ninyi watu wa Sabato ni wazuri sana, lakini siku yenu hata fisi huvaa tai." Ulikwenda siku ya kuchuma chai. Ulipitia nyuma, ukaingia jikoni moja kwa moja, ukaketi kwenye kigoda kana kwamba umechoka, na watoto wa nyumba hiyo wakikusalimia unawashika mikono na kuigeuza. Kabla hujauliza swali lolote ulikuwa umeshajua. Ukaniambia na mimi nifanye hivyo nikipewa mtoto wa kupeleka. Uliniambia, Mong'ina. Siwezi kujisingizia kwamba sikuambiwa.

Wakubwa wa nyumba wakanipa Moraa. Wakasema ana baba mdogo, ndugu wa baba yake, upande wa Itumbe, mtu wa heshima, ana chai yake na nyumba ya mabati mapya. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi shuleni Mosocho, ile ya kuajiriwa na bodi, Jumatatu hadi Ijumaa, na ukikosa siku mbili wanatafuta mwingine. Jumapili watu wa kule wako shambani. Nikajiambia Jumamosi ndiyo siku nitakayowakuta wote. Halafu nikasikia baba mdogo ni mzee wa kanisa, kanisa letu. Nitakwambia ukweli wote: nilifurahi. Nilisema moyoni, yule Mkatoliki wangu alizidi kushuku watu.

Nikaenda Sabato, tukasali nao, nikafuatana nao nyumbani. Chakula kilikuwa kimepikwa tangu Ijumaa kama inavyotakiwa, kuku, matoke, mboga ya chinsaga iliyolainishwa kwa maziwa, chai imejaa kwenye chupa. Hakuna aliyeinama kufanya kazi. Watoto watatu wa nyumba hiyo walikaa na soksi nyeupe wakaimba nyimbo za kwaya, kila mmoja anajua sauti yake. Mama wa nyumba alinishika mkono akasema, "Huyo mtoto ni wetu, Mwalimu, damu haioshwi kwa maji." Baba mdogo akaomba, akalia katika maombi, nami nikalia. Jikoni kulikuwa kule nyuma, mlango umerudishwa. Kwa nini nikaangalie jikoni siku ambayo hakuna moto?

Fomu ya ofisi ya watoto niliyopewa nijaze ilikuwa na swali kuhusu mahali mtoto atalala na mahali chakula kinapikwa, umepaona? Nikatia alama. Umezungumza na watoto wa nyumba hiyo bila wazazi kuwepo? Nikatia alama. Nikaandika kurasa tatu kwa mwandiko mzuri, unaujua mwandiko wangu. Niliandika kwamba ni familia yenye hofu ya Mungu na upendo mwingi.

Siku ya kumpeleka, Moraa alikuwa na mkoba mmoja na ile leso yako ya kahawia. Hatukuwa tumefika mbali aliponiuliza swali moja tu.

"Mwalimu, jikoni kwao uliingia?"

Ulimfundisha vizuri. Nikamwambia niliingia.

Akasema sawa. Hakuuliza tena kitu mpaka tukafika, na alipopokelewa kwa vigelegele aligeuka akaniaga kwa adabu. Aliniamini kwa sababu nilikuwa rafiki yako. Hilo ndilo linaloninyima usingizi na chakula. Aliniamini kwa ajili yako.

Nilipiga simu mara tatu. Kila mara niliambiwa yuko shule, yuko kwa jirani, yuko kanisani. Mwezi uliopita nikaona siwezi tena. Nilidanganya shuleni kwamba nina malaria, nikaenda Jumanne. Nilipitia nyuma kama wewe. Jikoni mlikuwa na mbuzi wawili wamefungwa, na kando ya mafiga pametandikwa gunia, juu yake leso yako imekunjwa vizuri. Binamu zake watatu walikuwa shuleni. Yeye alikuwa kwenye chai.

Nilimwona kabla hajaniona. Amejifunga nailoni kiunoni, kikapu mgongoni kinachozidi urefu wa mgongo wenyewe, na mikono inakwenda, inakwenda. Mong'ina, anachuma upesi kuliko mtu mzima. Nilimwita, akaja, akanipa mkono. Niliugeuza. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai mpaka ndani ya mikunjo, kucha zimepasuka, na kidole gumba kina kidonda ambacho hakijafungwa. Nilimwuliza tangu lini hajaenda shule. Akasema alienda wiki ya kwanza. Nilimwuliza kama anapigwa. Akasema hapana, anapewa chakula, hapigwi. Alivyosema ni kama mtu anayemtetea mwingine ili ugomvi usizuke. Kisha akaniambia, "Mwalimu, niache nimalize mstari huu, chai itachelewa kufika kituoni." Akarudi. Nilisimama pale katikati ya shamba la watu na viatu vyangu vya darasani, na yeye akaendelea kuchuma akinipa mgongo.

Hakunilaumu. Heri angenitukana.

Mama wa nyumba alinikuta hapo hapo. Hakuona haya, wala hakukasirika. Akacheka kidogo, akaniambia, "Anasaidia tu, Mwalimu. Mtoto wa huku asiyejua chai ataolewa na nani?" Akanikaribisha nije Sabato tule pamoja. Alinikaribisha kwa moyo mweupe kabisa! Nadhani hata hajui kwamba ametenda kosa. Anamwona Moraa kama mvua iliyonyesha kwenye shamba lake.

Nilishuka mpaka kwenye nyumba yetu ya watoto nikidhani nitapata mtu wa kumlilia. Lango limefungwa kwa mnyororo. Vitanda vimepelekwa, mkurugenzi amehamia mjini, na magugu yameota kwenye bustani yako ya mboga za managu. Nililia pale langoni mpaka mama mmoja wa sokoni akanifuata akidhani nimefiwa upya. Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake nikaenda ofisi ya watoto. Afisa ni msichana mpole wa rika langu, ana mafaili mpaka dirishani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatafuta faili la Moraa, akalifungua, akaligeuza upande wangu. Kurasa zangu tatu. Akasema, "Mwalimu, hii ndiyo ripoti nzuri kuliko zote nilizoletewa. Nimewaonyesha wengine namna ya kuandika." Nilitamani ardhi inimeze. Akaniambia bila ukali: mtoto ana jamaa, ana paa, anakula, na kwenye karatasi kila kitu kimeonwa na mtu mwenye elimu. Kama ninasema sivyo, basi niandike kwamba nilidanganya, nitie sahihi, nayo ataipeleka mbele. Nikamwuliza, nikiandika, atatoka? Akalifunga faili. Kisha akasema itachukua muda, na hata akitoka, ataenda wapi? Nikasema nitamchukua mimi. Akaniangalia kwa huruma. Sijaolewa, nakaa chumba kimoja cha kupanga Mosocho, na mimi si ukoo wake.

Nilimweleza mama yangu. Unamjua mama. Alishika kichwa. Baba yangu na yule baba mdogo wanakaa baraza moja la wazee wa makanisa. Na ni shule gani itakayomwajiri mtu aliyekiri kwa sahihi yake kwamba anaandika uongo? "Kerubo, wewe ulisomeshwa kwa ndizi na machozi. Mtoto anakula. Mwache Mungu afanye kazi yake." Nikamjibu kwamba Mungu alishafanya kazi yake, aliniletea wewe ukaniambia niende siku gani, na mimi nikajifanya najua zaidi. Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo.

Sina tumaini, Mong'ina. Nalisema wazi kwa sababu wewe hukupenda watu wa kupakapaka maneno. Mvua hii ya masika inachipuza chai, na chai ikichipuka mikono inatakiwa. Muhula ukiisha atakuwa amepoteza mwaka. Mwaka ukiisha atakuwa mrefu, na watu watasema huyu si mtoto tena. Hivyo ndivyo watu hupotea huku kwetu bila kelele, mchana kweupe, wakisalimiwa na kila mtu.

Lakini nimeandika. Leo asubuhi, kabla ya barua hii yako, niliandika ile ya ofisi ya watoto. Ni nusu ukurasa tu. Nimesema nilikwenda mara moja, siku ya Sabato, kwamba sikuingia jikoni, kwamba sikuzungumza na mtoto yeyote peke yake, na kwamba alama nilizotia nilizitia nikiwa nimeketi barazani na sahani ya kuku mapajani. Nimeeleza nilichokiona Jumanne. Nimetia jina langu lote na la baba yangu, kwa sababu hapo ndipo patakapouma. Naipeleka Jumatatu mwenyewe, kisha nitamwambia mwalimu mkuu kabla hajasikia kwa wengine. Wakinifukuza, nitakuwa na siku zote za wiki za kwenda Itumbe na kusimama kwenye ile chai mpaka waone haya.

Bado sijafika kaburini kwako tangu tulipokuzika. Wanao wameniuliza wamenikosea nini. Waambie, kama kuna namna ya kuwaambia, kwamba siwezi kuja na mikono mitupu.

Kwaheri, Mong'ina. Nyasae, Mungu wetu, akutunze kuliko nilivyokutunzia wako. Ahadi yangu ni hii moja: siku nitakayopanda hicho kilima ulikozikwa, nitakuwa nimemshika Moraa mkono. Ukiona ninakuja peke yangu, usiniitikie.

Kerubo