Kidirisha cha Linus

Kijiji cha Naipingo,
Nachingwea.
18 Novemba, 2007

Mpendwa Dada Scholastika,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mgongo uliokusumbua kwa kuwainua wagonjwa uwe umepata nafuu. Shemeji hajambo? Baridi ya Ujerumani imeshaanza? Sisi huku tunaendelea. Mvua za kwanza zimenyesha, na korosho mwaka huu si mbaya.

Mambo ya kaka yetu Linus tulikueleza haraka kwenye simu, nayo ikakatika. Nimeona heri nikuandikie kwa mkono, tangu mwanzo.

Unajua kwamba mimi ndiye ninayetunza tovuti ya parokia. Mwanzoni mwa mwaka nilijifunza kutengeneza kidirisha, yaani dirisha dogo linalochomoza juu ya ukurasa. Si kazi ngumu: unaandika mistari michache, unaiambia kompyuta upana, urefu na picha ya kuonyesha. Paroko alitaka cha matangazo ya Pasaka. Nilipokimaliza nikamwomba ruhusa, nikatengeneza kingine. Humo niliweka picha aliyopigwa Linus kabla hajaenda kwenye machimbo ya vito kule Tunduru, mwaka tisini na sita, asirudi. Chini yake nikaandika: Umemwona ndugu huyu?

Mama alipokiona alivuta kiti akakaa mbele yake. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa alikuja ofisini nimfungulie ukurasa. Linus alichomoza mwenyewe, bila kubonyezwa, akitutazama. Mama alimsimulia habari za shamba. Kukifunga mbele yake sikuweza, nilisubiri aondoke.

Miezi ikapita, hakuna aliyejibu. Kisha Domitila, karani wa zahanati kule Mnero, akaniambia, "Gaudens, ukurasa wenu naufungua mara nyingi. Picha gani hiyo mnayoisema?"

Nilikwenda nikaufungua kwenye kompyuta yake. Habari za parokia zilikuwepo, Linus hakuwepo. Sikufichi, dada, kwa kitambo niliamini kwamba ni sisi tu tunaomwona.

Sababu niliipata baadaye. Kompyuta mpya huzuia madirisha yanayochomoza yenyewe, kwa kuwa wafanyabiashara wameyatumia mno kusumbua watu. Ya kwetu ni ya zamani, haizuii kitu. Basi nikabadilisha: lile swali nikaliweka kwenye ukurasa wenyewe, mtu akilibonyeza ndipo kidirisha kifunguke. Dirisha lililoombwa na mtu halizuiwi.

Haukupita muda ikaja barua pepe kutoka kwa Fortunatus, mtu wa Chinongwe anayeishi Mtwara. Alikuwa akitafuta habari za huku nyumbani, akabonyeza swali, akamwona mwenzake wa machimboni. Kule walimwita Fundi tu, hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Alikuja Naipingo mwenyewe. Akamweleza Mama kwamba shimo liliporomoka baada ya mvua, Linus akiwa chini, na wenzake wakamzika hukohuko. Mama aliuliza jambo moja.

"Nani alimsalia?"

"Mimi, mama. Nilijua Baba Yetu tu, nikaisali hiyo."

"Inatosha, mwanangu," akasema, akamtengea chakula.

Fortunatus alitupeleka mimi na Baba mdogo Bonifasi hadi kaburini. Mawe waliyoyapanga bado yapo. Tukasimika msalaba, na misa ikasomwa hapa kijijini.

Jumapili iliyofuata Mama alitaka nimfungulie tena. Alimtazama, kisha akashika kipanya kwa mkono wake, nikamwonyesha pa kubonyeza. Linus akatoweka. Siku hiyohiyo niliifuta mistari yote. Mama hajarudi ofisini, ila nikipita nje ya jiko namsikia akisimulia habari za shamba, na jikoni yumo peke yake.

Kwenye simu ulisema kwako Linus bado anafunguka. Usiogope. Kompyuta yako imetunza nakala ya ukurasa wa zamani. Kuifuta ni rahisi, nitakuelekeza. Lakini wewe hukuwepo kwenye misa, wala hukufika kaburini. Kaa naye kwanza. Ukiwa tayari, mfunge mwenyewe.

Wasalimie sana shemeji na mwanetu Teddy. Mama, Baba mdogo Bonifasi na shangazi Lusiana wanawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko.

Mdogo wako akupendaye,
Gaudens